Nyumba Ambayo Hakuna Aliyepigwa

Juzi niliingia kwenye duka la chakula cha mifugo pale Mwanjelwa. Nafuga kuku kumi na wanne nyumbani na walikuwa wamebakiwa na chakula cha siku moja. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, akachota pumba za mpunga kwa kopo na kuzimimina kwenye mfuko mbele yangu. Vumbi likapanda. Ile harufu, tamu na kavu, yenye mafuta kidogo, kama ya kitu kilichoachwa juani muda mrefu, ikanikuta sijajiandaa.

"Dada, nikuwekee debe moja?"

Nilimsikia vizuri kabisa, ila mdomo ulikataa kufunguka. Mtu mzima mimi, mwalimu, mama wa watoto wawili, nikashindwa kujibu swali la debe moja. Yule mama akadhani naumwa, akanivutia kiti. Nilikaa pale mpaka ulimi ukarudi, nikalipa, nikaenda nyumbani, na jioni ile ile nikaanza kuandika haya.

Nawaandikia watu wa umri wangu, sisi tuliokua tukiambiwa kwamba mume mbaya ni yule anayepiga. Nyumba niliyokulia mimi, kule Rujewa, hakuna aliyepigwa. Hata mimi sikumbuki kofi la baba. Na bado natamka wazi, bila kuomba ruhusa ya ukoo, kwamba nyumba ile mama yangu alikuwa anauawa ndani yake polepole, na hapakuwa na mlango wowote wa serikali ambao angeugonga ukafunguliwa.

Baba alikuwa msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alirudi nyumbani nyusi na kope zikiwa nyeupe kwa vumbi la pumba, nami nilipenda kumpelekea maji ya kunawa nikaona uso wake ukitokea taratibu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na shati lililopigwa pasi. Alikuwa mzee wa kanisa. Asiyejua kusoma alimletea barua, naye alimsomea bila kujivuna. Wanawake waliokuja kukoboa walikuwa wakimwambia mama, "Mama Sekela, wewe umebahatika. Hanywi, hapigi, Jumapili yuko kanisani." Sekela ni mimi. Mama alikuwa anatabasamu na kujibu, "Ni kweli, hapigi."

Lakini baba alikuwa ananuna. Sisemi kule kununa kwa kawaida, kwa siku moja au mbili, ambako hata mimi humnunia mume wangu. Baba alinuna kwa majira. Mwaka mmoja alinuna tangu tunapandikiza mpunga mpaka tukaanza kwenda mashambani kufukuza ndege. Sababu ilikuwa chochote. Mchuzi umezidi chumvi. Mama amecheka na mtu barabarani. Mama amejibu kabla yeye hajamaliza sentensi. Hapo alifunga mdomo kwa mama, kabisa, na kila alichotaka kumwambia alikipitisha kwangu.

"Sekela."

"Abee baba."

"Mwambie mama yako, mtu mwenye akili timamu hapiki maharage yakabaki mawe."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kiti cha baba. Nilimgeukia. "Mama, baba anasema mtu mwenye akili timamu hapiki maharage yakabaki mawe."

"Mwambie baba yako nimesikia."

"Baba, mama anasema amesikia."

Nilikuwa na miaka saba, au minane. Na niwaambie ukweli ambao umenisumbua kuliko mwingine wowote: nilikuwa nafurahi. Shuleni sikuwahi kuchaguliwa kuwa kiranja kwa sababu nilikuwa mfupi na sauti yangu haikufika mwisho wa mstari. Nyumbani nilikuwa na cheo. Wazazi wangu hawakuweza kuongea bila mimi! Nilijitahidi nisipunguze neno wala nisiongeze, nikasimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayeghani shairi mbele ya mkaguzi. Siku baba aliponituma sentensi ndefu nikaifikisha nzima, alinitikisia kichwa, na nikalala na furaha hiyo.

Neno lake kubwa lilikuwa pumba. "Mwambie mama yako kichwa chake kimejaa pumba." Leo kila mtu anajua hilo ni tusi. Mimi nilikuwa mtoto wa mashine. Kwangu pumba zilikuwa kitu halisi, zilijaa magunia, zilimwagika mlangoni, kuku walizipigania. Nikaamini kabisa kwamba mama anazo kichwani. Nikadhani ndiyo maana anafunga kitambaa kila siku, zisije zikamwagika. Alipokuwa anasuka nywele, nilikuwa nachungulia penye njia ya kitana nione kama kuna tundu.

Halafu kulikuwa na mchezo wa ufunguo.

Stoo yetu ilikuwa na ufunguo mmoja, ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mara kwa mara, mama akiwa nje, baba aliutoa kwenye msumari akautia kwenye mfuko wa koti lake. Kama mimi nipo, aliweka kidole mdomoni na kunikonyeza. Mama akirudi akitaka kutoa mchele wa kupika, ufunguo hakuna. Ataangalia kwenye msumari, chini ya godoro, ndani ya ndoo, mpaka kwenye majivu ya jiko. Mimi nimebana kicheko, mashavu yananiuma. Baba anasoma kitabu chake.

"Sekela, mwambie mama yako, hicho ni kichwa au debe bovu?"

Mama akitoka kwenda kutafuta kwenye kamba ya nguo, baba aliurudisha ufunguo msumarini. Kisha: "Mwambie mama yako aangalie nyuma ya mlango." Mama aliingia, akaangalia, na ufunguo ulikuwa pale pale alipopaangalia kwanza. Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini. Baba hakuwahi kucheza na mimi mchezo mwingine wowote. Ule ulikuwa wetu, na siri yake niliitunza vizuri sana.

Mama hakucheka. Alikuwa anasimama mbele ya ule msumari muda mrefu, akiugusa ufunguo bila kuutoa. Baadaye akaanza kufunga mafundo kwenye ncha ya khanga yake. Fundo la kwanza ufunguo, la pili chumvi, la tatu kuzima moto. Ikafika wakati khanga ilikuwa na mafundo pembe zote nne, na nilimkuta amekaa jikoni akiyashika moja moja, midomo ikitembea, hakumbuki la tatu lilikuwa la nini.

Siku moja nilirudi kutoka shule nimechapwa kwa kukosa daftari. Mama alikuwa ameahidi kuninunulia, akasahau. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Sikumsalimia. Nilisimama mbele yake nikasema, kwa sauti ya chini kama ya baba, "Mama, kichwa chako kimejaa pumba."

Ungo ukasimama hewani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimesema mwenyewe."

Nilisubiri kibao, kwa sababu mama wa mtu mwingine yeyote angenizaba hapo hapo. Mama aliweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Akanawa miguu. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la kanisani, siku ya Jumanne, jua kali. Akanishika mkono. "Twende."

Jirani yetu, Mama Kulwa, alikuwa Msukuma, wao walihamia kwetu Usangu na ng'ombe wao. Mume wake alikuwa anampiga. Mwaka uliotangulia alikwenda kwenye ofisi moja pale mjini, sitaitaja, jicho likiwa limeziba, wakamwita mume wake wakamwonya mbele ya watu, na kwa muda alitulia. Hiyo ndiyo sababu mama aliiamini ile ofisi. Alidhani ni mahali ambapo mtu anayeumia anapeleka maumivu yake, yakaandikwa.

Nyuma ya meza alikaa bwana mnene mwenye kitabu kikubwa cha mistari. Kwenye benchi palikuwa na watu sita au saba wakisubiri zamu. Hapakuwa na chumba cha pembeni, kwa hiyo kila neno la mama lilisikiwa na wote.

"Karibu mama. Shida nini?"

"Nimekuja kumshitaki mume wangu."

Akafungua kitabu, akashika kalamu. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekufukuza? Anakunyima chakula?"

"Hapana. Hasemi na mimi, huu mwezi wa tatu. Akiwa na neno anamtuma mtoto anitukane. Kila siku ananiambia sina akili, na sasa naanza kuona kweli sina. Nasahau vitu. Naogopa. Na leo mtoto amenitukana kwa maneno yake yale yale, bila kutumwa."

Kalamu haikushuka. Aliitazama ile karatasi, akamtazama mama, na nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetafuta mstari wa kujaza asiupate.

"Sasa mama yangu, hapo niandike nini? Hapa hatuna kosa linaloitwa kununa."

Benchi likacheka. Mwanamume mmoja akasema, "Mheshimiwa, sisi wengine tunaomba Mungu wake zetu wanune!" Wakacheka zaidi. Mama alibaki amesimama, mikono imeshika mkoba.

Yule bwana akainama akanitazama mimi, kwa upole. "Eti mrembo, baba anampiga mama?"

Nilisimama wima, mikono nyuma. "Hapana! Baba hajawahi kumpiga mama hata siku moja."

"Umeona?" akamwambia mama, akafunga kitabu. "Nenda nyumbani mkaongee na mwenzako, yaishe."

"Nitaongea naye vipi, na hataki kusema na mimi?"

Sijasikia jibu la swali lile tangu siku hiyo. Yule bwana alikuwa ameshamwita mtu aliyefuata.

Njiani nilitembea nikisubiri kusifiwa. Nilijua nimeiokoa familia yetu na aibu. Tulipofika kwenye mfereji wa kumwagilia, mama aliinama akanawa uso, akachota tena maji, akanawa tena, kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Wasiwasi ukanipata.

"Mama, nilikosea?"

"Hukukosea. Umesema kweli." Akajifuta kwa upindo wa gauni. "Wao ndio waliouliza vibaya."

Katika mji mdogo habari hazikai. Jumapili, baada ya ibada, baba alikuwa ameshazipata. Tuliandaa chakula, ugali na samaki, nikamnawisha mikono. Hakugusa chakula.

"Sekela. Mwambie mama yako nimesikia alikwenda kunishitaki. Mwambie apige magoti hapa aombe radhi, ndipo watu watakula."

Nilimgeukia mama. Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, anatazama mikono yake. Ugali ulikuwa unapoa, unaanza kufanya ngozi juu. Nikamgeukia baba.

"Baba, mama yuko hapo. Anakusikia."

Sitaki kujisifia. Wenzangu wanaosimulia mambo ya utoto hupenda kujivika ushujaa. Mimi nilikuwa na njaa, na njia ya maneno kupitia kwangu ilikuwa ndefu. Lakini nilipomaliza kusema nilijua nimevunja kitu kikubwa, maana mama aliinua uso haraka kunitazama, na baba hakuninyanyulia sauti. Alikula, peke yake, samaki mzima. Alipomaliza alinawa, akavaa koti, akatoka. Tangu hapo hakusema na mimi.

Nilidhani ni adhabu ya siku ile. Asubuhi nilisimama mlangoni na maji ya kunawa. "Shikamoo baba." Alipita. Nikadhani hakusikia. Jioni nikasema kwa nguvu, "Shikamoo baba!" Akaning'iniza koti lake karibu na kichwa changu kama mtu anayening'iniza koti kwenye chumba kisicho na watu. Kila asubuhi na kila jioni nilitoa shikamoo, na marahaba haikuja. Kama umewahi kunyimwa marahaba na mzazi wako, mwezi mzima, ndani ya nyumba unayolala, huhitaji nikueleze zaidi. Kama hujawahi, niamini tu. Nilianza kukohoa makusudi nikipita mbele yake. Niliangusha masufuria. Nilikuwa wa tatu darasani mtihani wa muhula, nikaiweka ripoti kwenye kiti chake mahali ambapo lazima aione. Aliichukua kwa vidole viwili, akaiweka sakafuni, akakaa.

Sauti yangu ikaanza kukwama. Mwanzo ilikuwa kwenye ile "shi" ya shikamoo, halafu ikaenea. Mwalimu aliniita kusoma, nikasimama na kitabu, neno la kwanza likakataa kutoka, darasa likacheka, nikakaa. Na nikiwa kitandani nilianza kuwaza, kwa utulivu ambao leo unanitisha, kwamba labda na mimi kichwa changu kina pumba, maana nilikuwa nimetoka kwa mama.

Mama Kulwa ndiye aliyeona. Alikuja mchana mmoja kuazima ungo, baba naye akawa ameingia kuchukua kitu. Nikasimama. "Shi-shi-shikamoo baba." Baba akachukua alichofuata, akamsalimia Mama Kulwa kwa uchangamfu, akauliza ng'ombe wanaendeleaje, akaondoka. Mama Kulwa alibaki na ungo mkononi. Akamfuata mama jikoni, nami nikiwa pale kizingitini.

"Mama Sekela, mimi nilikuwa nakuonea wivu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasema huyu mwenzangu amepata mume. Mimi jeraha langu lilikuwa linavimba, watu wanaliona, wananipa pole. Hili lako halivimbi." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Sasa na mtoto?"

Mama alikuwa ameshika fundo la khanga yake, analinyonga. Na mimi, sijui kwa nini siku hiyo, nilijua kwamba ule mchezo wa ufunguo haukuwa mchezo. Nilijua kwa sababu sasa nilikuwa nimekaa upande wa mama.

"Mama. U-u-ufunguo."

"Umefanyaje? Umepotea tena?"

"Ba-baba ndiye anauficha. Anauweka kwenye koti, ukitoka anaurudisha. Siku zote. Ni-nilijua mnacheza."

Nilikunja mwili nikisubiri kipigo ambacho sasa nilikuwa nakistahili kweli. Mama alikaa kwenye kigoda. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia zamani. Aliniuliza kama nimeona kwa macho yangu, nikamwambia ananikonyezaga. Akaitazama ile ncha ya khanga kama kitu alichokiokota njiani. Akaanza kufungua mafundo. Lililokaza alilifungua kwa meno. Moja, jingine, jingine, pembe zote nne, mpaka kitambaa kikalala mapajani kimekunjamana, hakina kitu.

"Kumbe mimi ni mzima," alisema.

"Mzima kabisa," Mama Kulwa akamjibu.

"Kumbe mimi ni mzima!" Akasimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti vile. Alikuwa analia na kucheka, Mama Kulwa amemshika mabega, na mimi katikati nimeshika sketi zao wote wawili.

Tuliondoka kesho yake asubuhi, kwa lori la mchele lililokuwa linakwenda Mbalizi, dereva akiwa ndugu wa Mama Kulwa. Mama alichukua nguo zetu, jembe lake, na ripoti yangu ya shule. Nilidhani tunatoroka. Lakini tulipokaribia mashine, mama alimwomba dereva asimame. Akashuka. Akanishusha na mimi.

Watu walikuwa wengi, ni msimu wa kukoboa. Baba alikuwa kwenye mizani. Alipotuona, akainama kwenye daftari lake. Mama alipita katikati ya magunia, na gauni lake la kanisani, mpaka akasimama mbele yake. Mwendesha mashine, sijui alihisi nini, akaizima. Ukimya wa ghafla ulifanya hata vumbi lionekane linashuka.

"Baba Sekela, mimi naondoka na mtoto. Nakwambia mwenyewe. Simtumi mtu."

Baba aligeuza ukurasa. Mama alisubiri. Hakusubiri kwa unyonge, alisubiri kama mtu aliyeleta barua inayohitaji sahihi. Watu wote waliokuwa pale wakasikia jinsi asivyojibu. Wale wanawake waliosema amebahatika walikuwapo, na ungo na ndoo zao, na waliona kwa macho kile ambacho mama alishindwa kukionyesha kule ofisini. Mmoja akasema polepole, "He! Hata mtoto haangalii?" Mama akanishika mkono, tukarudi kwenye lori.

Kule kwao, milimani juu ya Mbalizi, mjomba alitupokea kwa swali ambalo mmeshalijua. Mama alipojibu hapana, mjomba akakunja mikono. "Hajakupiga, hajaoa mwingine. Sasa umerudi na nini?"

"Nimerudi na akili yangu," mama alisema. "Nionyeshe pa kulala."

Bibi alikuwa tayari anatandika kitanda.

Haikuwa mwisho mwema wa haraka. Majaruba ya mpunga ambayo mama aliyalima kwa mikono yake miaka kumi yalibaki kwa baba. Alipodai sehemu yake, kikao cha wazee kikamwambia aliondoka mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye nyumba isiyo na ugomvi. Alianza upya na viazi, kwenye kipande cha bibi, akiuza siku za soko. Sauti yangu ilichukua miaka kunyooka, na kama mlivyoona pale dukani, bado ina siku zake.

Baba alifariki mwaka juzi. Nilikwenda kumzika, na sikwenda kwa kulazimishwa. Ukoo ulinipa wasifu wa marehemu nisome, kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Katikati palikuwa na sentensi: marehemu hakuwahi kuinua mkono wake dhidi ya mkewe. Nilisoma ya juu yake, nikasoma ya chini yake, ile nikairuka. Baada ya mazishi baba mdogo akanivuta pembeni.

"Mbona umeruka mstari mwanangu?"

"Sikuona kama ni sifa, baba mdogo."

Akanitazama sana, akaondoka. Mpaka leo hanipigii simu, na sasa najua kuishi na ukimya wa mtu bila kuuita hukumu.

Mwanasheria mmoja anayesaidia wanawake wasio na uwezo alinieleza kwamba sheria ya ndoa inautaja ukatili wa akili, pale mahakama inapopima kama ndoa imevunjika. Nilifurahi kusikia. Halafu nikamuuliza, na yule ambaye bado yumo ndani? Ambaye hataki talaka, anataka tu aachwe na akili zake, na majaruba yake, na mtoto wake asigeuzwe fimbo? Akavuta pumzi, akasema hapo bado tuna kazi. Basi mimi naidai kazi hiyo ifanyike. Nataka sheria inayolitaja jambo hili kwa jina lake, ili mwenye kalamu asikose mstari. Nataka chumba chenye mlango, benchi lisisikie. Nataka amri ya kumzuia mtesaji, ili anayeteswa asiwe ndiye anayefungasha. Na mtoto asiulizwe swali moja la kijinga likamaliza shauri. Nimeyasema haya kwenye mkutano wa wazazi, nikaambiwa na baba mmoja, "Mwalimu, mtatufunga wote, nani hajawahi kumnunia mkewe?" Nilimjibu kwamba anayeuliza hivyo anajua vizuri tofauti kati ya kununa na alichofanyiwa mama yangu, na kama haijui, hiyo sheria aandikiwe yeye kwanza. Watu walicheka. Safari hii hawakumcheka mwanamke.

Jumamosi nilipanda mlimani nikamsomea mama niliyoandika. Alikuwa anachambua mbegu za viazi kibarazani, anatenga zilizochipua, hakuinua uso mpaka nilipofika mwisho. Nilidhani atanikataza, kwa heshima ya marehemu.

"Kuna mahali umesema nilivumilia," akasema. "Futa."

"Niweke nini mama?"

"Weka kwamba nilikwenda kushitaki. Nilivaa nguo nzuri, nikaenda mchana, nikasema mbele ya watu. Wao hawakuandika." Akarudi kwenye viazi vyake. "Wewe andika."